Zamu ya Mwatum

Katika Ngamiani ya miaka ile, ukitaka kujua nyumba ipi ina mzazi, hukuwa na haja ya kuuliza. Ungemtazama Mwatum binti Shehe akipita na mzigo wa kuni kichwani, ukamfuata kwa macho, na pale alipopiga hodi ndipo penye mtoto mchanga. Alikuwa Mpemba, mwanamke mrefu mwenye viganja vipana, aliyeletwa Tanga na mumewe angali msichana. Mumewe alikuwa Uweso, fundi baiskeli wa barabara ya kumi na mbili. Viganja vile ndivyo vilivyompa sifa mtaani. Wazazi walisema, akikukanda Mwatum kila kiungo kinarudi mahali pake, na akikufunga tumbo utadhani hukuzaa.

Kuni zile, lakini, hazikuwa sadaka. Mwatum alikuwa mwanachama wa Stara, chama cha kina mama wa mitaa ile, na nawaombeni mnivumilie kidogo nikieleze, maana bila chama hicho hamtamwelewa.

Kujifungua kwenyewe ni kazi ya siku moja. Hospitali ya serikali ilikuwapo, na wakunga wa mtaani walikuwapo. Taabu iko katika ile arobaini inayofuata. Nani atachota maji bombani? Nani atayachemsha na kumkanda mzazi asubuhi na jioni? Nani atafua vitambaa, na nani atapika mchuzi wa pweza ili maziwa yashuke? Mwenye mume wa kazi kubwa alikuwa na afadhali. Jirani wa Mwatum, Bibiana, mama Noa, Mkatoliki aliyetoka milimani, mumewe Fanueli alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli wake zao walitazamwa na reli yenyewe tangu tumbo dogo mpaka chanjo za mtoto. "Hata sabuni nilipewa," Bibiana alipenda kusema, na alipenda zaidi kulisema ua likiwa na watu. Lakini mke wa fundi, wa mvuvi, wa muuza kahawa, huyo bima yake ilikuwa wanawake wenzake. Akizaa mmoja, wengine hutoa kuku, mchele, kuni, na kila mtu siku zake za kwenda kukanda. Leo kwako, kesho kwangu.

Stara ilikuwa na sheria mbili ambazo hazikuchezewa. Ya kwanza: haingii mtu na tumbo lake. Atakaye kuingia aingie angali mtupu, awatumikie wenzake mwaka mzima, ndipo naye atumikiwe. "Huezeki nyumba mvua ikinyesha," alikuwa akisema Bi Mwanamwema, mkubwa wa chama. Ya pili: mwanachama aliyetumika miaka mingi na Mungu hakumjalia mtoto, zamu yake haipotei. Anaweza kuidai siku aitakayo, hata kwa homa, hata kwa uchovu. Sheria hii ya pili ilikuwa ya maneno tu. Hakuna aliyewahi kuidai zamu ya namna hiyo, kwa sababu kuidai ni kusimama mbele ya wanawake wote na kusema, mimi nimekata tamaa.

Na Mwatum hakuwa amekata tamaa. Aliogesha watoto wa watu, akawapaka mafuta, akawanyoosha vijikono na vijiguu, na kila mmoja alimpima mkononi mwake kama mtu anayepima samaki ambaye hatamnunua. Akirudi nyumbani alikuwa mkali bila sababu. Uweso alikwisha jifunza: siku za mzazi mpya, hakuuliza chakula kiko wapi, alikitafuta mwenyewe.

Mwaka uliofuata baada ya malkia mpya wa Waingereza kuvikwa taji, Uweso alioa mke wa pili.

Jina lake Saleha, binti wa Tongoni, yatima aliyelelewa na mjomba. Alipewa chumba cha upande wa pili wa ukumbi, mlango ukitazamana na mlango wa Mwatum. Lililomchoma Mwatum tangu siku ya kwanza ni kwamba Saleha alikuwa na adabu. Mke mwenza mtukutu unaweza kumchukia vizuri, mchana kweupe, na majirani wakakuunga mkono. Huyu alikuwa akiamka akifagia ua mpaka mlangoni kwa mwenziwe, akisalimu, "Shikamoo dada," akingojea marahaba yake, ndipo awashe moto. Utamshika wapi?

Kabla ya mwaka kwisha, Saleha alianza kula embe mbichi kwa chumvi.

Uweso, ambaye Mwatum alimjua kuwa hata mnyororo wa baiskeli ya mteja hakuuharakisha, siku hizo alionekana akikanyaga pedali mpaka Nguvumali kutafuta embe zenye uchachu autakao bi mdogo. Akirudi, kikapu kinaning'inia kwenye usukani, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha ambayo alijaribu kuificha na hakuweza. Mwatum alimwona kupitia dirisha. Alikuwa akitwanga kisamvu. Alikitwanga mpaka kikawa maji.

Siku moja Uweso alimwita barazani, alipokuwa akinyoosha gurudumu. Alikuwa na tabia hiyo: neno zito hulisema mikono ikiwa kazini, ili macho yapate pa kukaa.

"Mwatum."

"Abee."

"Nilikuwa nafikiri habari ya chama chenu."

"Chama chetu kimefanya nini?"

"Saleha hana mama. Hana dada."

"Ana mume."

Uweso akalizungusha gurudumu, akalitazama linavyoyumba. "Mume hamkandi mzazi."

"Ajifunze. Si fundi?"

Akaingia ndani. Lakini neno lilikuwa limekwisha pandwa, likamfuata jikoni na bombani. Ni kweli Saleha hakuwa na mtu. Arobaini ikifika, mtaa mzima utatazama viganja vya nani? Vyake. Mkandaji hodari wa Ngamiani, na mzazi yumo nyumbani mwake, atasema nini? Atachota maji, atachemsha, atakanda, atafua, arobaini nzima, amtumikie mwanamke aliyemtwalia nusu ya mumewe. Tena bure, kwa maana Saleha si mwanachama wala hawezi kuwa. Tumbo lilikwisha tangulia. Kadiri alivyowaza ndivyo alivyoona njia moja tu ya kukwepa utumishi ule. Nayo ilikuwa chungu.

Ijumaa alikwenda kwenye mkutano wa Stara, nyumbani kwa Bi Mwanamwema. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, wengine wakisuka ukili. Akangoja mpaka mambo mengine yakaisha.

"Nadai zamu yangu," alisema.

"Zamu gani, mwanangu?" aliuliza Bi Mwanamwema.

"Ile ya asiyezaa."

Ukili ukasimama mikononi. Hakuna aliyemtazama, na huko kutotazamwa kulimuuma kuliko kama wangemtazama wote. Akasema haraka, ili aimalize: anataka zamu hiyo apewe bi mdogo wake, aliye karibu kujifungua.

Mwamvua, mwanamke wa maneno makali aliyekuwa amezaa watoto saba na wote amekandwa na Mwatum, ndiye aliyejibu kwanza. "Haingii mtu na tumbo lake. Tukimkanda huyu kwa mgongo wa Mwatum, kesho kila mwenye shangazi tasa atataka kuzaa kwa gharama zetu."

Kicheko kikapita, kidogo, cha kuzibwa na kanga. Neno tasa lilikuwa limesemwa. Mwatum aliikaza shingo.

Bi Mwanamwema aliwaza, akitafuna tambuu. Kisha akakata shauri, na wote wakaona ni shauri la mtu mwenye akili. Zamu ni ya Mwatum, akasema. Kwa hiyo watakwenda nyumbani kwa Mwatum, chumbani kwa Mwatum, na watamtunza Mwatum. Hapo sheria itakuwa haikuguswa. Chakula kikishaingia mikononi mwake ni chake, ampe amtakaye.

"Na kukandwa?" aliuliza mmoja.

"Tutamkanda yeye, naye akitaka atamkanda mwenziwe."

Wakacheka tena, safari hii kwa wema. Kila mtu aliondoka akiamini kwamba bakuli litaingia mlango huu na kutokea mlango ule. Hata Mwatum aliamini hivyo.

Saleha alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Massoud. Siku ya pili asubuhi wanawake wa Stara wakaja, sufuria kichwani, wakapita mbele ya mlango wa Saleha wakisema, "Hongera bibi, Mungu akukuzie," wakaingia mlango wa kushoto, wa Mwatum.

Wakamlaza Mwatum mkekani. Wakamvua kanga, wakachovya kitambaa katika maji ya moto, wakamkanda kuanzia mabegani. Mwanzo alitaka kucheka. Baadaye hakutaka. Miaka yote ile viganja vilikuwa vyake na migongo ilikuwa ya watu. Hakujua kwamba maji yale yakishuka kwenye uti wa mgongo mtu anaweza kusahau jina lake. Wakamchua kwa mafuta ya nazi. Wakamfunga tumbo lake lililo bapa kwa kitambaa, wakalikaza. Wakamfukizia udi. Wakawa wanaimba nyimbo zile zile alizowaimbia wenzake, za kumsifu mwanamke aliyekwenda safari ya hatari akarudi na mgeni. Kisha wakamwachia bakuli la mchuzi wa pweza, mzito, umetiwa pilipili manga.

Akalishika bakuli alipeleke ng'ambo ya ukumbi. Ngoja nionje tu chumvi, alijiambia.

Ndugu zangu, alionja mpaka akaona maua yaliyochorwa chini ya bakuli.

Siku ya pili ya zamu alimpelekea Saleha nusu. Siku ya tatu alimpelekea mabaki. Upande wa pili Uweso alikuwa akijaribu kupika uji, na uji wa Uweso ulikuwa na madonge ya kuzibia tundu la tairi. Saleha aliupokea na kusema ahsante. Mwatum aliisikia ile ahsante, akageukia ukuta.

Bibiana aliingia uani kuomba kaa la moto, akamkuta Mwatum amekaa juu ya kigoda, tumbo limefungwa, uso unang'aa mafuta.

"Hongera, mzazi," alisema Bibiana. "Mtoto kafanana na nani?"

"Mama Noa, wewe ulizalishwa na treni, hatukukuuliza kitu. Mimi nimezalishwa na wenzangu. Chukua moto wako uende."

"Naenda. Lakini mwambie huyo mwanao anyamaze, analia mno."

Alikuwa analia kweli. Lakini jambo lililomtafuna Mwatum siku hizo halikuwa kilio. Wanawake wa Stara walikuwa wakimaliza kumkanda, wananawa mikono, halafu badala ya kwenda zao wanasimama mlangoni kwa Saleha. "Tumwone kidogo." Hao waingia. Hata Mwamvua, aliyepiga kelele za sheria, alimweka mtoto begani akamnusa shingoni. "Masikio ya Uweso haya, jamani, hata ukimwokota sokoni utajua wa kumrudishia." Wakacheka humo, kicheko chepesi, kingine kabisa na kile walichokuwa nacho chumbani kwake. Kwake walikuja kwa zamu. Kule walikwenda kwa mapenzi. Mwatum alilala mkekani, mwili umelainika kama unga uliokandwa, na roho imejikunja. Sasa aliona: zamu yake ameitoa, siri ya tumbo lake ameianika, na bado mwenye kutazamwa ni yule.

Kesho yake hakupeleka hata mabaki.

Sasa, mtu aliyelea wachanga wengi husikia vitu ambavyo wewe na mimi hatuvisikii. Kuna kilio cha tumbo lenye hewa, kinapanda na kukaza. Kuna kilio cha joto, cha kunung'unika. Na kuna kilio cha njaa, kile ambacho hukatika katikati, mtoto akatafuta, akakosa, akaanza upya kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza. Hicho ndicho Mwatum alichokisikia kikivuka ukumbi. Alikijua tangu pale kilipoanza. Akasema moyoni, anyonyeshe, si ndiye mama. Akashika bakuli lake akanywa, na alivyokunywa alikuwa akisikiliza.

Sauti ilizidi kupungua, kutwa na kucha.

Mchana mmoja, bakuli likiwa bado linatoa moshi mbele yake, Saleha akasimama mlangoni. Hakuingia. Alikuwa ameshika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeteremka chomboni na ardhi bado inamchezea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Pweza mle nyinyi. Mimi naomba mchuzi tu, ukibaki."

Mwatum alikuwa amelingoja neno hilo. Asiseme mtu kwamba hakulingoja. Alikuwa amekwisha liandalia na jibu, la pole, la kuchoma. Lakini macho yake, kwa mazoea ya kazi, yalikuwa yamekwisha shuka kifuani kwa Saleha. Kanga ya mzazi haikauki. Ndiyo maana hufuliwa kila saa, ndiyo maana chumba cha mzazi kina harufu ile ya uchachu. Kanga ya Saleha ilikuwa kavu.

"Tangu lini?" aliuliza Mwatum.

"Tangu juzi yanakuja kidogo. Leo hayaji."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, dada? Zamu si yangu."

Alilisema bila kinyongo, kama mtu asemaye bahari imejaa. Na hilo ndilo lililomuudhi Mwatum kuliko yote. Angetukanwa angejua la kufanya. Akasukuma bakuli mbele kwa kiganja, likamwagika kidogo.

"Kaa. Kunywa. Lote, na pweza wake. Usinitazame, kunywa."

Saleha akanywa. Mwatum akakifungua kile kitambaa tumboni mwake, kwa nguvu, mafundo mawili yakamshinda akayakata kwa meno. Akalitandika shuka lake mwenyewe juu ya mkeka.

"Lala hapa."

"Dada, hapa ni kwenu."

"Najua ni kwangu. Lala."

Akamfunika kwa kanga yake nyekundu, ile ambayo Ngamiani yote iliijua, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akavuka ukumbi, akamtoa Massoud kitandani, akatoka naye uani akakaa kwenye kigoda.

Jioni zamu ilikuwa ya Bi Mwanamwema na Mwamvua. Waliingia na maji yao ya moto, wakamkuta Mwatum ana mtoto mapajani. Wakasimama. Mwamvua akamtazama Mwatum, akauchungulia mlango wa kushoto, akaiona kanga nyekundu imelala mkekani.

Bi Mwanamwema alimkazia Mwatum macho. "Mwatum yuko wapi?" alimuuliza.

"Yumo ndani, amelala," alijibu Mwatum. "Maziwa yamemkauka. Mkandeni kifua kwanza, na maji yasiwe ya kuunguza."

Mwamvua alifungua kinywa.

"Mwamvua," alisema Bi Mwanamwema, "shika ndoo. Twende tukamkande Mwatum, maji yanapoa."

Wakaingia. Mwatum alisikia kitambaa kikikamuliwa, akasikia Mwamvua akisema, "Mwatum, siku hizi umekuwa mdogo," na sauti nyembamba ikijibu, "Ndiyo, bi," na Bi Mwanamwema akisema, "Geuka, mwanangu." Kisha ule wimbo ukaanza. Mgongo wake mwenyewe ulisisimka, kama unaoguswa. Walikuwa wakilitaja jina lake ndani ya wimbo, na maji yalikuwa yakimwendea mwingine. Alijua hatalala tena kwenye mkeka ule. Zamu ya asiyezaa ni moja tu, na aliyekuwa akiitumia sasa alikuwa na miaka mingi ya kuzaa mbele yake, na angezaa tena, na tena.

Mtoto akajipinda mapajani. Akageuza uso, akasugua mdomo juu ya kanga ya Mwatum, akatafuta kule na huku. Mwatum hakumzuia. Alimwacha atafute muda mrefu kuliko ilivyopasa. Akakosa, akalia kile kilio kinachokatika.

"Mleteni mtoto," Bi Mwanamwema aliita kutoka ndani. "Yanaanza kushuka."

Mwatum alisimama, akaenda mpaka kizingitini, akasimama tena. Massoud alikuwa mwepesi mikononi, mwepesi kuliko alivyopaswa kuwa mtoto wa umri wake, na yeye alijua kwa nini. Hata hivyo mikono yake haikutaka kufunguka. Ndani wanawake walimngoja. Hakuna aliyemharakisha.

Akaingia, akampa Saleha mtoto. Lakini hakutoka. Alikaa ukingoni mwa mkeka, magoti yakigusa shuka lake, akamkodolea macho yule mtoto alivyokamata, alivyovuta, mpaka koo lile dogo likaanza kupanda na kushuka. Na kwa kila funda alilomeza, Mwatum naye alimeza mate.